Tuambieni pia namna sayari hizi changa zinavyojulikana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu habari mliyoitoa ya sayari yenye umri wa miaka milioni 3, inayoizunguka nyota yake kwa siku zisizotimia tisa. Mimi ni mkunga mstaafu, naishi Nachingwea. Fizikia niliiacha sekondari, lakini habari ya kitu kilichozaliwa juzi, hata kikiwa sayari, siwezi kuiruka.

Niwapongeze kwanza kwa kuiandika. Ilikuwa aya nne tu, zimebanwa kati ya bei ya korosho na ratiba ya ligi, lakini ilikuwepo.

Lililoniudhi ni picha. Mliweka duara kubwa la rangi ya chungwa, nyuma yake nyota inawaka, pembeni ukungu wa vumbi, na chini yake mkaandika kwamba hiyo ndiyo sayari yenyewe. Jirani yangu fundi cherehani ameikata na kuibandika dukani, na kila mteja anaambiwa wazungu wameipiga picha. Hakuna aliyeipiga picha. Huo ni mchoro wa msanii, na msanii mwenyewe hakuificha kazi yake. Kilichoonekana na darubini ni nuru ya nyota kupungua kidogo kwa saa chache, sayari inapopita mbele yake, kurudi kama ilivyokuwa, kisha baada ya siku 8.83 kupungua tena vilevile. Mngechapa grafu ile yenye bonde dogo katikati, mngekuwa mmetuonyesha kitu cha kweli, na naamini wasomaji wenu wangekielewa kwa sentensi mbili.

La pili lililonisukuma kuandika ni mstari wenu wa mwisho, kwamba ugunduzi huo "umethibitishwa pasi na shaka". Mjukuu wangu yuko kidato cha sita, mchepuo wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, na akija likizo ndiye hunitafutia makala za mambo haya kwenye simu. Kiingereza changu ni cha chuo cha uuguzi, kwa hiyo nusu naielewa, nusu tunabishana. Tumesoma vya kutosha kujua kwamba kwenye sayari changa zilizo karibu na nyota zao, shaka ndiyo kazi yenyewe.

Tuanzie Oktoba 1995. Michel Mayor na Didier Queloz wa Geneva, Uswisi, walitangaza sayari inayoizunguka nyota 51 Pegasi, baada ya kuipima kwa darubini ya Haute-Provence huko Ufaransa. Uzito wake ni angalau karibu nusu ya ule wa Mshtarii, ile ambayo vitabu vya shule siku hizi huiita Jupita, na huimaliza safari yake kwa siku 4 na ushei. Zebaki, iliyo karibu kuliko zote na Jua letu, huhitaji siku 88. Otto Struve alikuwa ameandika mwaka 1952 kwamba huenda majitu ya namna hiyo yapo, wala hakuna aliyemsikiliza sana. Na hata Mayor na Queloz hawakupokelewa kwa vigelegele vitupu. Mwaka 1997 David Gray wa Canada aliandika katika jarida la Nature kwamba hakuna sayari pale, ni nyota yenyewe inayobadilikabadilika. Mwaka uliofuata, akiwa na vipimo vipya mkononi, aliandika tena katika jarida lilelile kwamba dalili aliyoiona haipo. Tuzo ya Nobel ya fizikia ikawafikia Mayor na Queloz mwaka 2019, baada ya miaka 24.

Swali lililobaki ni namna majitu hayo yalivyofika pale. Karibu na nyota kuna joto kali, na malighafi ya kujengea kitu kikubwa hivyo ni haba. Mshtarii wetu ulijengwa mbali, kwenye baridi, ambako maji huganda. Wapo wanaoshikilia kwamba mengine yalijengwa palepale yalipo, lakini wengi wanasema yalihama, na hapo njia ni mbili. Ya kwanza ni kusukumwa ndani taratibu na diski ya gesi na vumbi inayoizunguka nyota ikiwa changa. Diski hiyo haidumu. Kwa nyota nyingi, ikifika miaka milioni 10 imekwisha kutoweka, kwa hiyo sayari ya kuhama kwa njia hii lazima iwahi. Njia ya pili ni ya fujo. Sayari huvurugana zenyewe kwa zenyewe, au nyota ya jirani huzivuruga, na moja ikatupwa kwenye njia ndefu iliyochongoka, inayopita karibu kabisa na nyota kisha kwenda mbali. Kila ikipita karibu, mvuto wa nyota huifupisha njia hiyo, mpaka inakuwa duara dogo. Hiyo kwa kawaida huchukua makumi ya mamilioni ya miaka, pengine mabilioni.

Ukiikuta sayari kongwe karibu na nyota yake, ni vigumu kujua imekuja kwa njia ipi. Ukiikuta yenye miaka milioni 2 au 3, njia ya fujo inakuwa ngumu kuitetea, maana muda hautoshi. Hiyo ndiyo sababu ya watu kuhangaika usiku kucha na nyota changa, na aya zenu nne hazikulitaja hilo kabisa. Msomaji alibaki akijiuliza umri unahusu nini.

Shida ni kwamba nyota changa ndizo mbaya kuliko zote kupima. Hapa niruhusuni niingie kwenye kazi yangu. Sisi wa zamani tulisikiliza mapigo ya mtoto kwa fetoskopu, kile kipembe kidogo, upande mmoja tumboni kwa mama na upande mwingine sikioni. Mwanafunzi akisikia moyo unadunda hufurahi, akakimbilia kalamu. Mkuu wa zamu humuuliza jambo moja tu, mkono wako ulikuwa wapi? Kwa maana tumboni mle mna mishipa mikubwa ya mama mwenyewe, nayo inapiga. Mtoto hupiga kati ya 110 na 160 kwa dakika, mama mtulivu 80 hivi. Lakini mama mwenye homa, au aliyechoshwa na uchungu wa kutwa nzima, hufika 120 bila taabu. Kwa hiyo sikio likiwa tumboni, vidole viwe kwenye kifundo cha mkono wa mama. Mapigo yakienda pamoja, unayemsikia ni mama, na mtoto bado hujamsikia.

Nyota changa ndiyo mama mwenye homa. Inajizungusha kwa kasi, sumaku yake ni kali, na uso wake una madoa ya giza makubwa kuliko ya Jua letu. Sasa njia aliyoitumia Mayor ni kupima mwendo wa nyota. Sayari huivuta nyota kidogo, nyota ikatusogelea, ikarudi nyuma, na rangi za nuru yake husogea nayo. Doa kubwa likiwa kwenye upande wa nyota unaotujia, hupunguza nuru ya upande huo. Likizunguka hadi upande unaotuondokea, hupunguza ya huko. Chombo kinachosoma wastani wa nuru yote kitaandika kwamba nyota inayumba, kumbe inajizungusha tu pamoja na doa lake.

Januari 2008 Johny Setiawan na wenzake wa Taasisi ya Max Planck ya Heidelberg, Ujerumani, walitangaza sayari kwenye nyota TW Hydrae, yenye umri wa miaka milioni 8 hadi 10 na diski yake bado ipo. Sayari hiyo ilisemwa kuwa na uzito wa karibu mara 10 ya Mshtarii, mzunguko wake siku 3.56. Ilikuwa habari kubwa. Mwaka haukuisha, Nuria Huélamo na wenzake wakaipima nyota ileile upya, safari hii wakiongeza mwanga wa infraredi, ule ambao macho yetu hayauoni. Hoja yao ilikuwa rahisi hata kwangu mimi. Sayari ikiivuta nyota huivuta nzima, kwa hiyo mwendo utakuwa uleule katika kila rangi ya nuru. Doa haliko hivyo. Katika infraredi, doa na sehemu zinazolizunguka hukaribiana kwa mwangaza, na udanganyifu wake hufifia. Walipopima, mwendo ulififia. Walikuwa wameshika kifundo cha mama.

Walioendelea baada ya hapo hawakuwa wajinga wa madoa. Mwaka 2016 Jean-François Donati wa Toulouse, Ufaransa, na wenzake walitangaza sayari kwenye V830 Tau, nyota ya miaka milioni 2 iliyo katika kundinyota la Ng'ombe, upande uleule wa mbingu ambako wakulima wetu hukitafuta Kilimia. Waliuchora uso wa nyota kama ramani, doa kwa doa, wakaondoa kwa hesabu mchango wa madoa hayo, wakabaki na sayari ya siku 4.93. Tazameni ukubwa wa kazi hiyo. Madoa yalikivuruga kipimo kwa zaidi ya kilomita 1 kwa sekunde, na mwendo uliosababishwa na sayari ulikuwa mita 75 tu kwa sekunde. Mwaka 2020 Mario Damasso wa Italia na wenzake waliitafuta sayari hiyo kwa chombo cha kupima mwendo wa nyota kiitwacho HARPS-N, kilichoko kisiwani La Palma, Hispania. Hawakuiona.

Tena mwaka huohuo wa 2016, Christopher Johns-Krull wa Chuo Kikuu cha Rice, Texas, alikuwa ametangaza na wenzake sayari nyingine upande uleule wa mbingu, kwenye CI Tau, umri kama huo, mzunguko siku 9. Mwaka 2020 ikaja makala ya kuipinga, kwamba siku 9 ni za nyota kujizungusha. Aliyeiongoza? Donati yuleyule. Ndani ya mwaka mmoja mtu anapingwa la kwake na anapinga la mwenzake, na kote huko wanajibizana kwa vipimo vilivyochapishwa. Ningefurahi kuyaona hayo siku moja kwenye ukurasa wenu wa siasa.

Sisemi sayari changa hazipo. Njia ya kusubiri sayari ipite mbele ya nyota imeleta nyingi ambazo hazijafutwa, hasa tangu darubini ya anga ya TESS irushwe mwaka 2018, kwa sababu madoa huififisha nyota polepole, lakini sayari ikipita hukata nuru ghafla, saa chache, kwa umbo lilelile kila mara. Mwaka 2020 Aaron Rizzuto na wenzake waliitangaza HIP 67522 b kwa njia hiyo. Nyota yake ina miaka kama milioni 17, mzunguko siku 6.96, na upana wa sayari unakaribia ule wa Mshtarii. Kwa hiyo ikahesabiwa kuwa jitu. Kisha mwaka 2024 darubini ya James Webb ikaitazama nuru inayopenya kwenye hewa ya sayari hiyo, na kutokana na unene wa hewa ile wataalamu wakakokotoa uzito. Ni kama mara 14 ya Dunia. Mshtarii ni mara 318. Sayari ile imevimba, ina mwili wa Mshtarii na uzito usiofika hata sehemu moja ya ishirini yake, na wanategemea itasinyaa kadiri inavyopoa na hewa yake inavyopeperushwa na nyota.

Hii ndiyo habari iliyonipendeza kuliko zote, na ina nyongeza. Mwaka 2025 Ekaterina Ilin na wenzake walionyesha kwamba sayari hiyohiyo huichokoza nyota yake. Milipuko ya mwanga kwenye nyota hutokea mara nyingi zaidi wakati sayari inapopita mbele yake, ishara kwamba zimeshikana kwa nyuzi za sumaku. Maana yake sayari inajiletea balaa yenyewe, kwa sababu milipuko hiyo huzidi kuikwangua hewa yake. Ni miaka 30 tangu watu wabishane kama majitu ya karibu yapo, na leo tunaona sayari ya karibu ikimsumbua mzazi wake, yaani nyota.

Sasa nirudi kwenye sayari yenu ya miaka milioni 3. Inaitwa TIDYE-1b, nyota yake ni IRAS 04125+2902, nayo iko upande ule wa Kilimia. Walioitangaza katika Nature, Novemba 2024, waliongozwa na Madyson Barber, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha North Carolina huko Chapel Hill. Hamkumtaja, na hilo peke yake lingewapa wasichana wa shule zetu sababu ya kuisoma habari mpaka mwisho. Hamkusema pia jambo la ajabu kuliko yote katika ugunduzi ule. Kwa kawaida sayari, nyota na diski hulala sambamba, kwa hiyo kwa nyota changa namna hii, pale ambapo sayari ingepita mbele ya nyota, diski nayo ingekuwa imeshaiziba. Hapa diski ya nje imeinama, haiko sambamba na njia ya sayari, na ya ndani imepungua sana. Tumefunguliwa dirisha kwa bahati. Kwa nini iliinama bado wanaulizana.

Mkaandika "kubwa kama Mshtarii". Kwa upana ni kweli, imepungua kidogo tu. Kwa uzito, makala yenyewe inasema hauzidi theluthi moja ya Mshtarii, na huenda uko chini zaidi ya hapo. Barber na wenzake wanadhani kwamba ikikua itakuwa moja ya zile sayari za wastani, kubwa kuliko Dunia na ndogo kuliko Neptuni, ambazo zimejaa kila mahali kwenye nyota nyingine na kwetu hakuna hata moja. Kwa hiyo huenda jitu lenu si jitu. Na bado inabaki ushahidi mzito dhidi ya ile njia ya fujo, kwa sababu iko pale karibu na nyota ikiwa na miaka milioni 3 tu, diski ikiwa haijaisha. Hayo mawili yangekaa vizuri ndani ya aya nne, kama mngeacha kurudia mara mbili kwamba wanasayansi "wamepigwa na butwaa".

Msidhani haya ni mambo ya Ulaya na Marekani peke yao. Mwaka 2019, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulipozialika nchi kutoa majina ya nyota na sayari za mbali, Tanzania ilipewa WASP-71. Nyota ikaitwa Mpingo, sayari yake Tanzanite. Kenya ilipewa HD 83443. Nyota ikaitwa Kalausi, sayari Buru, majina ya Kijaluo yenye upepo na vumbi ndani yake. Zote mbili ni majitu yaliyobanana na nyota zao, hukamilisha mzunguko kwa siku karibu 3, ingawa si changa tena. Na Buru iliwahi kupewa ndugu. Mwaka 2000 timu ya Geneva ilitangaza sayari ya pili kwenye nyota ile, Paul Butler na wenzake wakapima, na mwaka 2002 wakaripoti hawaioni. Ikafutwa. Huku kwetu mpingo tunaujua, tumeukata mpaka unakaribia kutuaga, lakini nimewauliza watoto wa shule ya jirani kuhusu nyota yenye jina la mti huo na wote walinicheka wakidhani ni hadithi ya bibi. Mkiwa na nafasi siku moja, hiyo ni habari yenu ya bure.

Ombi langu ni dogo. Mchoro mwuite mchoro. Mkitangaza sayari changa, andikeni imejulikana kwa njia ipi, kwa nyota kuyumba au kwa nuru kupungua, na kama yupo aliyepima kwa chombo kingine akaona lilelile. Na mkishaitangaza, msiitelekeze. Uzito wa TIDYE-1b bado haujapimwa sawasawa, kilichopo ni kikomo cha juu tu, na nyota ile ina madoa kama wenzake, kwa hiyo atakayejaribu kuupima atakuwa na kazi. Siku majibu yakija, ikiwa ni jitu au si jitu, tuandikieni hata mistari mitano, ukurasa wowote mtakaopenda. Hata mkiyaweka kwenye matangazo ya vifo nitayaona, maana kwa umri wangu ndiyo ninayoanza kuyasoma.

Mkunga mstaafu,
Nachingwea, Lindi